Mkanda na Jiwe la Lowa

Nyamitaba, 10 Novemba 1957

Valérie binti yangu,

Sikuwa mgonjwa. Neno hilo nimelificha tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na leo ninaliandika nikiwa na akili zangu zote, ingawa miguu imevimba na pumzi imekuwa fupi.

Watu wote wa Nyamitaba, na wa kwanza wao ni baba yako mkubwa Kanyamibwa, wanajua kwamba zamani Mwalimu Isidore Rugamba alikuwa mnene, akaenda kufundisha Walikale, akashikwa huko na ugonjwa wa tumbo, akarudi amekonda, na daktari Mzungu akamkataza maziwa. Ugonjwa haukuwapo. Daktari hakuwapo. Unene ule niliuondoa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu, na katika kazi zote nilizofanya hapa duniani hakuna iliyonipa kiburi kama ile. Padri aliponiuliza juzi kama nina majuto juu ya uongo huo, nilimjibu kwamba majuto ninayo, ila si ya huo.

Unajua desturi yetu sisi watu wa ng'ombe. Ndugu akikupa ng'ombe, ukanywa maziwa yake, mmefungamana. Ukiyakataa hali u mzima, umemtemea mate mbele ya watu. Mgonjwa peke yake ndiye anayesamehewa. Kanyamibwa alinipa Gaju, mama wa ng'ombe wote walio zizini kwangu, na kila alipokuja alitaka kuona tumbo langu, kama mtu anayekagua ukuta alioujenga. Basi nilijifanya mgonjwa. Ilikuwa njia ya pekee ya kuwa mzima.

Ninakuambia sasa kwa sababu ya barua yako ya mwezi uliopita. Unasema ulianguka njiani ukimfuata Masera Elisabeth, mtawa anayewafundisha ukunga, kwenye mizunguko ya vijiji vya msituni, na kwamba tangu siku hiyo unakunywa chai tupu asubuhi na kula ndizi moja jioni. Unaliandika jambo hilo kama askari anayeeleza vita. Si ushujaa huo, mwanangu. Ni ujinga, nami ninaujua vizuri maana nilianza nao. Acha leo. Kula maharage.

Mganga wa Masisi amesikiliza moyo wangu kwa mpira wake, akakunja mpira, akaanza kuzungumza habari za mvua. Nilielewa. Kwa hiyo usichelewe kujibu.

Kwa nini nilitaka kupungua? Hilo si la leo. Usinisukume.

Baba yako,
Isidore Rugamba


Walikale, 1 Desemba 1957

Papa wangu,

Nimecheka, halafu nimekasirika, halafu nimecheka tena hadi wenzangu wa shule ya wakunga wakauliza kama barua imeleta habari ya ndoa. Kila Ijumaa Mama alitupigisha magoti kusali kwa ajili ya tumbo lako! Mimi nilitoa hata karanga zangu kama sadaka. Nirudishie karanga zangu, Papa.

Lakini ukiniambia niache chai tupu, nitakuuliza: nifanye nini? Wewe ulinenepa polepole, kwa heshima. Mimi nilifungiwa ndani. Umesahau? Shangazi zangu wawili wamekaa mlangoni, chombo cha maziwa kinaingia, kinatoka kitupu, kinaingia kingine, na siagi juu yake, ili mtoto wa Védaste, rafiki wa Papa Kanyamibwa, apate bibi wa kung'aa. Nilipokataa ndoa ile wewe ulinishika mkono ukanileta kwa masera, na sikusahau. Lakini ndoa niliiacha mlangoni, mafuta nikaja nayo.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo. Siku ile niliyoanguka, wachukuzi wawili wa dispanseri walikuwa nyuma yangu. Mmoja akaniita, "Mademoiselle, tubebe mufuko ao tukubebe weye?" Mwenzake akasema, "Mufuko iko mwepesi, tuchague mufuko." Nikawaambia, "Mubebe midomo yenu!" Nikapiga hatua moja ya hasira, nikateleza, nikakaa kwenye matope. Walicheka kwa adabu, wakiangalia miti.

Masera hakucheka. Aliniambia mbele ya wote: baada ya Pasaka nitafuata mzunguko mzima, kwenda na kurudi kwa miguu, na mfuko wa uzazi mgongoni mwangu. Nikiweza, atanipa vijiji vyangu. Nikishindwa, nitabaki kwenye kufua mashuka, ao nirudi nyumbani. Na nyumbani unajua nani ananingoja. Papa Kanyamibwa ameshaongea tena na Védaste. Ameniletea debe la siagi kwa lori la misheni, na maneno haya: "Usituharibie mutoto."

Ndiyo maana ninakunywa chai tupu. Sketi inalegea kila juma, ninaona kwa macho yangu. Lakini kuna jambo sikukuandikia. Juzi mama mmoja alizimia kitandani, nikaambiwa nimwinue mabega. Mwezi wa tisa ningemwinua kwa mkono mmoja. Juzi mikono ilitetemeka, nikamwangusha kwenye mto. Hakuumia. Mimi niliumia.

Na jambo moja la kukuchokoza. Unasema ulikuwa mnene sana. Mbona hadithi yako ya siku niliyozaliwa inasema tofauti? Mama yuko juu ya tipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, wachukuzi wanne, mlima wa Karuba, na wewe unatembea kando umemshika mkono mpaka nikazaliwa njiani kabla hamjafika. Mnene gani anapanda mlima ule akishika mkono wa mtu? Labda ulikuwa mnene kidogo tu.

Binti yako,
Valérie Nyiramahoro


Nyamitaba, 15 Desemba 1957

Valérie,

Nimefurahi kwamba mikono ilikutetemeka. Sasa utanisikiliza.

Mwili ukinyimwa chakula hauanzi na mafuta. Mafuta ni mali ya akiba, nao mwili ni bahili. Unaanza na nyama, kwa sababu nyama inakula kila siku, na mwenye nyumba maskini hufukuza kwanza mtumishi anayekula. Ukimpa mtumishi kazi kila siku, hamfukuzi. Hayo sikuyasoma popote. Niliyajua kwa kulala juma zima bila chakula pale Walikale, nikaamka tumbo likiwa palepale na mapaja yamekuwa ya mtoto.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni Hubert, mkatekista wa ng'ambo ya mto, mkulima na mwindaji. Kama hajafa, nenda kwake. Mwambie wewe ni nani. Atakuonyesha jiwe letu, liko kando ya Lowa karibu na mahali pa kuvulia. Kazi yake ni hii: kila Jumamosi unafunga mkanda, unatazama tundu, halafu unainua jiwe. Mkanda ukirudi nyuma na jiwe likiwa jiwe lilelile, endelea. Mkanda ukirudi nyuma na jiwe likawa zito kuliko Jumamosi iliyopita, simama hapo: unakula miguu yako mwenyewe. Mtu anayetazama mkanda peke yake anadanganywa, kama wewe na sketi yako.

Chakula: asubuhi kula, usinywe tu. Maharage, samaki wa mto, yai ukilipata, nyama ya porini Hubert akipiga. Sombe, majani ya muhogo, kwa wingi, lakini mwambie mpishi asiiogeshe katika mafuta ya mawese. Bugali kiasi cha ngumi yako, usiongeze kwa sababu mchuzi umebaki. Pombe ya ndizi, hapana. Sukari ya masera, hapana. Ukishiba, ondoka mezani. Ukiwa na njaa ya kweli, kula. Njaa ya hasira si njaa.

Kazi: beba. Kupanda na kushuka peke yake hakutoshi. Beba maji, beba kuni, beba mawe ukikosa kuni. Shika shoka. Jumapili pumzika, na upumzike kweli, maana nyama inajengeka mtu akilala. Wala usiwe na haraka. Mafuta yaliyoingia kwa mwaka hayatoki kwa mwezi, yakitoka kwa mwezi yametoka na kitu kingine.

Siagi ya Kanyamibwa wape wagonjwa waliokonda. Maziwa lakini usiyakatae. Hapa nitakufungulia siri ya mama yako. Niliporudi kutoka Walikale alikuwa akisukasuka maziwa, siagi akiiuza, na yale yanayobaki, ambayo kwetu hupewa watoto na wachungaji, alinimiminia mimi. Akayatia katika chombo changu cha heshima, chenye kifuniko cha kusukwa. Wageni walipokuja waliniona nikinywa kidogo kidogo kama mgonjwa anayejilazimisha, wakanihurumia. Nguvu yote iko katika maji yale meupe. Mzee wa ng'ombe ananyweshwa kinywaji cha wachungaji, na wachungaji ndio wanaoruka mito! Hakuna aliyewahi kujiuliza.

Kuhusu mlima wa Karuba: nilikuwa mnene, si kidogo. Soma tena barua yangu ya kwanza, mahali paliposema usinisukume. Neno hilo linafaa na hapa.

Baba yako,
Isidore Rugamba


Walikale, 26 Januari 1958

Papa,

Hubert hajafa. Nilimkuta anatengeneza mtego wa samaki, kipara kinang'aa, meno yote yako. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mwalimu Rugamba. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, tena kutoka chini hadi juu, safari ndefu.

"Weye njo mutoto wa Mwalimu Mafuta?"

"Mwalimu nani?"

"Mafuta! Ile jina batoto ba masomo balimupa." Akaita nyumbani, "Mama Colette, kuya uone! Mwalimu Mafuta ametuma ingine!"

Mkewe akatoka, akapiga makofi, akasema, "Huyu iko nafuu. Ule alikuwa anapumua kama nguruwe wa pori mwenye mushale. Alikuya hapa, akakaa kwa kiti yangu, kiti ikasema kwaheri."

Papa, hukuniambia habari ya kiti.

Walinilisha samaki na sombe kabla ya kunionyesha jiwe. Hubert anasema muntu haonyeshwi adui yake akiwa na njaa. Jiwe liko palepale, limeota ukungu upande mmoja. Niliinama, nikalikumbatia, nikavuta. Halikuamka. Nikavuta tena hadi nikaona nyota. Hubert amekaa kwenye mtumbwi anakula karanga. Akasema, "Baba yako siku ya kwanza alililia hii jiwe. Weye haulii, njo vizuri. Rudi Posho."

Nimerudi kila Posho, ndiyo Jumamosi yao. Nimekula kama ulivyoandika. Juma la kwanza niliogopa, kwa sababu mkanda haukurudi hata kidogo, nikasema Papa amezeeka amesahau. Juma la tatu jiwe liliamka. Kidogo tu, kama mtu mvivu anayegeuka kitandani, lakini liliamka! Na mkanda uko tundu moja nyuma. Sasa ninabeba maji ya dispanseri yote asubuhi. Mpishi anafikiri nimefanya dhambi kubwa na hii ni kitubio. Nimeomba maziwa yasiyo na siagi kwa fundi wa misheni mwenye ng'ombe. Ananipa bure, alikuwa akiwamwagia nguruwe.

Masera ananitazama nikipita na ndoo.

Nilimuuliza Hubert kwa nini ulikuja Walikale, wewe mwenye ng'ombe na jina. Akakaza kwanza fundo la mtego wake. Halafu akasema, "Alisema anataka kuwa muntu asiyebebwa. Sikumuuliza ingine. Muntu akikuya na jambo kama ile, unamupa shoka, haumupe maswali."

Papa, ulibebwa na nani?

Valérie


Nyamitaba, 2 Machi 1958

Valérie mutoto wangu,

Ni mimi Mama yako Mukandori ninasema, Papa yako anaandika. Nimekaa karibu yake. Sijui kusoma lakini najua urefu wa maneno yangu; nikisema mengi na yeye akiandika kidogo, nitaona.

Kanyamibwa alikuya hapa siku ya Alhamisi na fimbo yake na vijana wawili. Védaste amemwambia kwamba kuna muntu ametoka Walikale, amekuona, umepungua, unabeba maji kama kijakazi. Kanyamibwa akasimama mulangoni, hakukaa. Akasema, "Isidore, mutoto anakonda. Ni ile ugonjwa yako imemwingia ao ni jeuri?"

Papa yako alikuwa amelala. Siku hizi kuamka ni kazi. Nikasema nitajibu mimi. Akanishika nguo, akajivuta, akakaa, halafu akasimama. Nilitaka kumushika, akanitolea macho. Akasema: "Ni jeuri. Nayo alirithi kwangu. Mimi sikuwa mgonjwa, kaka. Miaka hii yote nilikuwa mzima, na maziwa ya Gaju nilikunywa bila siagi, ya wachungaji, na ndiyo yaliyonipa miguu ya kwenda kumzika baba yetu nilipobeba jeneza na wewe ukafuata nyuma kwa punda."

(Hapa ninaongeza mimi Isidore: sikusema "na wewe ukafuata nyuma kwa punda." Mama yako anaipamba.)

Alisema! Andika, alisema.

Kanyamibwa akapiga fimbo chini. Akasema, "Basi nitachukua uzao wa Gaju. Wote." Mimi nikamwambia, "Chukua, shemeji. Zizi iko wazi. Lakini mutoto hutamuchukua." Akasema mwanamuke asiingie. Nikamwambia mimi niliingia katika jambo hili kabla yako, kwa miguu yangu, na Isidore anajua. Papa yako akainamisha kichwa.

Asubuhi vijana walikuya na kamba. Walichukua ng'ombe wote ila ndama mumoja mwenye mguu mubaya. Papa yako alitazama kutoka mulangoni, na nilifikiri atalia, lakini alisema, "Afadhali. Zizi tupu haliulizi mtu ana tumbo gani." Sasa jirani wanatuletea maziwa, wengine mchana, wengine kwa kificho. Tunaishi. Usirudi kwa sababu ya ng'ombe. Ukirudi kwa sababu ya ng'ombe nitakupiga mwenyewe.

Piga jiwe lako. Kula samaki. Pasaka inakaribia.

Kuna jambo moja bado Papa yako hajakuambia. Nimemwambia aliandike hapa, sasa, mbele yangu. Ameweka kalamu chini.

Ameichukua tena, lakini ni kwa kuandika salamu tu.

Mama yako,
Mukandori
kwa mkono wa Isidore Rugamba


Walikale, 20 Aprili 1958

Papa, Mama,

Ng'ombe wote? Nililia siku moja, halafu nikaenda kuliinua jiwe, likapanda hadi kifuani. Huzuni nayo ina nguvu zake, Hubert anasema tusiimwage.

Sasa sikieni. Mzunguko umekwisha. Tuliondoka Jumatatu baada ya Pasaka, Masera mbele na fimbo yake, mimi nyuma yake na mfuko mgongoni, wachukuzi wawili nyuma yangu, wale wale. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa kwanza mmoja akaanza, "Mademoiselle, leo tubebe nini?" Nikamwambia, "Leo jibebe."

Sisemi sikuchoka. Nilichoka hadi kwenye kope. Lakini kuchoka kwa zamani kulikuwa kama kuzama, na kwa sasa ni kama kufanya kazi. Miguu inauma lakini inajibu. Tulifika kijiji cha mwisho, tukapima akina mama, tukalala, tukaanza kurudi.

Njiani watu walitukimbilia. Kulikuwa na mama mmoja, uzazi wake wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Masera alimpapasa akasema huyu lazima afike dispanseri. Wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, machela ikawa tayari. Wanaume wanne wakabeba, mmoja wao yule mchukuzi mtani. Mbele ya kijito mmoja akateleza, mguu ukapinda, akakaa chini akilia. Machela ikayumba. Nilikuwa karibu. Sikufikiri, Papa. Nilimpa mchukuzi wa pili mfuko wangu, nikaingia chini ya mti, nikauweka begani.

Tulivuka kijito. Tukapanda upande wa pili. Yule aliyenitania zamani alikuwa mbele yangu upande wa kushoto, akageuza shingo, akasema, "Dada, ukichoka sema." Nikasema, "Weye ukichoka sema." Tukaenda hivyo hadi Walikale, bega hili, halafu bega lile. Mtoto alizaliwa kabla ya giza, msichana, analia kama anadai kitu. Mama yake mzima.

Masera alinawa mikono kwa muda mrefu. Akasema bila kugeuka, "Juma lijalo utakwenda mwenyewe. Na ule, usiku wa leo, ule vizuri." Basi. Nina vijiji vyangu. Védaste amtafutie mwanawe mke mwingine wa kung'arisha.

Mkanda umerudi matundu matatu, na mengine nimeyatoboa kwa msumari. Jiwe Jumamosi lilipanda hadi begani. Hubert alisimama kwenye mtumbwi akapiga saluti, akaanguka mtoni. Mama Colette anasema kiti kimelipiziwa kisasi.

Nilipokuwa chini ya mti ule, Papa, niliwaza wale wachukuzi wa Karuba waliombeba Mama siku niliyozaliwa. Sikuwahi kuwafikiria. Nilijisikia ninawalipa deni lao. Kama bado yuko mmoja aliye hai, mpe salamu, umwambie mtoto wa tipoyi naye amebeba.

Binti yenu,
Valérie Nyiramahoro


Nyamitaba, 4 Mei 1958

Nyiramahoro,

Barua yako niliisoma kimya. Kisha Mama yako akataka nimsomee kwa sauti. Nilipofika kwenye salamu za wachukuzi nilikunja karatasi. Akasema, "Sasa." Neno moja tu, akaendelea kuchambua maharage yake. Ameketi hapa bado.

Sikuandikii ili unisamehe. Msamaha ni wake, aliutoa au aliunyima, sijawahi kumuuliza na sitamuuliza leo. Wala sitaki useme kwamba nimelipa kwa jasho. Jasho lilinipa miguu, halikunirudisha nyuma hadi siku ile. Lakini ninataka ujue kwamba yote niliyofanya Walikale, shoka, jiwe, samaki, kiti cha Mama Colette, niliyafanya nikiwa na picha moja mbele ya macho; na kwamba picha hiyo haikunivunja. Niliishika kwa pembe miaka yote hii. Nimezeeka nikitembea. Moyo unaotaka kunisimamisha sasa ni wa mtu aliyepanda kila mlima wa Masisi kwa miguu yake, na kama Kanyamibwa ana ng'ombe wote, hilo hana.

Hivi karibuni watanibeba tena. Safari hiyo sitaona haya. Maiti ana haki ya kubebwa.

Hadithi uliyolelewa nayo aliitunga mama yako pale pale njiani, akawafundisha wachukuzi waiseme, nami niliikuta tayari. Sehemu kubwa ni ya kweli. Tipoyi niliiomba misheni kwa ajili yake. Wachukuzi walikuwa wanne. Mlima ulikuwa wa Karuba, na matope, na uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Mimi nilikuwa nyuma, si kando. Mkono wake sikuushika, nisingeufikia. Katikati ya mlima kifua kilijifunga na magoti yakaniacha. Nilianguka kifudifudi. Wachukuzi wakasimama, hawajui la kufanya: mwalimu, mwenye ng'ombe, yuko chini kama gunia. Mama yako aliinua kichwa akaniona. Akawaambia wamshushe. Akasema, "Mumuweke yeye, atakufa hapa. Mimi niko na miguu."

Ningeweza kukataa. Watu watasema mtu aliyeishiwa pumzi hawezi kusema. Nilikuwa na pumzi ya kutosha neno moja. Ninajua, kwa sababu nililitumia kumwambia asante.

Walikuwa wanne, na waliomba kupumzika mara nyingi kwa ajili ya uzito wangu. Yeye alitembea mbele. Kila uchungu ulipomshika alisimama, akashika mti wa tipoyi, akainama, akanyanyuka, akaendelea. Hakuniangalia. Kwenye kona ya mwisho, kabla hatujaona paa la dispanseri, alipiga magoti katika majani, na mchukuzi mmoja akavua shati lake akalitandaza. Hapo ndipo ulipozaliwa, chini, katika shati la mtu nisiyejua jina lake. Na wewe unalia, na mama yako anatafuta kitu cha kukatia kitovu, mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti chake.

Baba yako,
Isidore Rugamba